Ralanti ya Gari la Babu

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa Kabambare, nimeinama juu ya piki ya mteja, vidole vinanuka petroli, esansi kama tunavyoiita. Aliniambia mambo mawili bila kupumzika katikati. Kwanza, matanga ya babu yangeondolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani Kasongo. Pili, siku hiyohiyo, watu wakishakula, mafundi wa sufuria wangekuja kulichukua gari.

"Motoka gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kwetu kuna motoka ngapi?" akasema, kisha akakata.

Gari hilo ni dogo, la Kiingereza, la watu wawili tu, na halina paa. Usukani wake uko kulia, wakati magari mengine yote ya kwetu usukani uko kushoto. Zamani mfanyabiashara mmoja Mgiriki alilivusha kutoka ng'ambo ya ziwa. Likapanda boti, likapanda treni, likashushwa Samba, na kutoka Samba likaja Kasongo kwa magurudumu yake. Babu alikuwa mekanisia wa Mgiriki huyo. Mgiriki alipoondoka hakurudi tena, na gari likabaki kwa babu. Wageni waliopita Kasongo walilipiga picha. Sisi wa nyumbani tulilisukuma.

Mafundi wa sufuria nao wanajulikana. Wanayeyusha alumini ya injini zilizokufa, wanaimimina ndani ya mchanga, inatoka sufuria. Nyumba nyingi za Kasongo zinapika ugali ndani ya injini za zamani. Walikuwa wamepatana na baba mdogo kwamba watachukua gari zima, na nyanya yangu, ambaye sisi wote tunamwita koko, atapata sufuria mpya, kubwa na ndogo, na mabati ya gari yatafuliwa majembe. Banda la gari lingekuwa jiko lake, kwa sababu jiko lake la sasa linavuja.

Siku ya pili koko mwenyewe alinipigia kwa simu ya jirani.

"Mujukuu, unanisikia?"

"Nakusikia, koko."

"Baba yako mudogo anataka kupika sombe ndani ya motoka ya bwana yangu."

Sombe kwetu ni majani ya muhogo, kisamvu. Akaendelea kwa sauti ileile ya mtu anayetangaza bei ya mihogo. Alikuwa amewaambia wakubwa wa ukoo kwamba siku ya matanga yeye hatapanda kilima cha makaburi kwa miguu. Ataenda kumuaga mume wake ndani ya gari ambalo mume wake alikuja nalo kumuoa. Wakacheka. Ndipo baba mdogo akasimama na kutoa neno mbele ya wote: gari likipanda kilima lenyewe, litabaki. Likisukumwa, hata kidogo, ni la watu wa sufuria.

"Na weye unajua mashini," koko akasema.

"Koko, mie najua piki."

"Piki na motoka, zote zinakunywa esansi. Kuya."

Nikaenda. Ilikuwa kiangazi, njia kavu, vumbi la kujaza masikio. Njiani nilikuwa nawaza neno moja tu: kwamba nilipokuwa mdogo, babu ndiye mtu mkubwa pekee ambaye hakunilazimisha kuongea. Mimi ni mtu wa kimya. Shuleni, hata jibu nikiwa nalo mdomoni, lilikuwa linakataa kutoka, na darasa la sita lilipoisha sikuendelea. Babu alikuwa ananiita bandani, ananipa tochi nimmulikie, na tunaweza kukaa saa nzima hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa napenda saa hizo kuliko michezo. Sasa walitaka kuziyeyusha na kuzimimina mchangani.

Baba mdogo alinipokea uani. Anauza mpunga, ana tumbo la mtu anayeuza mpunga, na anapenda kutania.

"Ah! Daktari wa piki amefika. Mugonjwa yuko bandani. Umeleta sindano?"

"Nimeleta turnevisi, baba mudogo," nikasema, nikamwonyesha bisibisi.

"Mupime homa kwanza." Kisha akanifuata mpaka bandani, akasimama mlangoni bila kuingia. "Usinichukie, mutoto. Weye hukusukuma kama sisi. Kila siku ya Mungu asubuhi, baba anavaa kravati, mama anavaa kitenge kipya, wanakaa ndani kama wanaenda kuoana tena. Sisi watoto nyuma. Sukuma! Tunaisukuma mpaka kwenye mutelemuko wa misioni, ndiyo inawaka, inatuachia moshi. Tunafika misa, padri anatuuliza, ninyi mumetoka kulima siku ya Mungu?"

"Na muchana?"

"Muchana inawaka vizuri! Baba anaenda nayo kwa rafiki zake, pole pole, mukono mumoja inje ya mulango. Lakini asubuhi, misa, hapana. Nilikuwa nasema hii motoka ni ya shetani, inakataa kanisa." Akacheka, lakini si sana. "Na sijapanda ndani yake hata siku moja ikitembea. Viti viwili, baba na mama. Watoto ni wa nyuma."

Nilisikia maneno hayo yote, na la maana zaidi lilinipita. Wakati huo nilikuwa naangalia injini.

Piki ina kabureta moja. Gari la babu lina mbili, zimekaa ubavuni mwa injini kama mapacha mgongoni, na kila moja ina kofia ya alumini yenye umbo la kengele. Ndani ya kengele kuna pistoni nyembamba. Injini ikivuta pumzi, pistoni inapanda na kuruhusu hewa na esansi kupita. Pumzi ikipungua, inashuka. Juu kabisa kuna kikombe kidogo chenye kifuniko, na ndani yake mafuta, ili pistoni isipande kwa pupa. Nilifungua vile vikombe viwili, nikaona mafuta ndani, mepesi, meusi kwa uchafu. Jua lilikuwa kali mno. Nikaridhika, nikafunga.

Siku za kwanza nilifanya kosa la mtu wa piki. Nilitengeneza kabureta ya mbele mpaka ikanifurahisha, halafu ya nyuma mpaka ikanifurahisha, kama piki mbili za wateja wawili. Nilipozungusha manivela, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono, ikawaka na kutetemeka kama mtu mwenye baridi. Mapacha walikuwa wanavutana. Mmoja anabeba mzigo, mwingine anapumzika.

Ndipo nikamkumbuka babu na kipande chake cha mpira. Alikuwa anaweka ncha moja sikioni na ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, halafu anahamia ya pili, anarudi ya kwanza, amefumba macho. Watoto wa jirani walikuwa wanasema anazipima moyo. Nilikata mpira kwenye tairi la ndani la piki, nikaukunja, nikasikiliza. Kila kabureta ina mvumo wake wa hewa. Ukiwa na subira unasikia ipi inavuta zaidi. Nilifungua kile chuma kinachoziunganisha, nikaregeza skrubu hii, nikakaza ile, mpaka mivumo miwili ikawa mmoja. Kisha nikashika nati za shaba zilizo chini, zinazoongeza na kupunguza esansi, nikazizungusha kidogo kidogo. Mchana ulikuwa unaelekea jioni. Nikaondoa mkono, na injini ikakaa yenyewe.

Hiyo kukaa yenyewe, bila mguu wa mtu, ndiyo mekanisia wanaiita ralanti. Ni injini inayopumua ikiwa imesimama. Koko alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akasikiliza.

"Ni yeye," akasema. Akarudi kupika.

Usiku huo nililala nimeshiba. Asubuhi nikazungusha manivela, na gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likafa. Nikazungusha tena. Likawaka, lakini nilipogusa tu mguu likasongwa, likafa tena. Nilifungua buji, zile plagi za kuwashia moto. Zilikuwa zimeloa esansi na masizi. Esansi ni nyingi, nikasema, nikapandisha zile nati kuipunguza. Likawaka kwa shida, likatembea.

Mchana wa siku hiyo likaanza kupiga chafya kupitia kabureta, pa, pa, kama fataki. Sasa esansi ilikuwa chache. Nikaiongeza. Ralanti ikarudi, tamu kabisa. Asubuhi iliyofuata, moshi mweusi.

Nilizunguka humo siku baada ya siku. Ninachopunguza asubuhi, jua linaniambia niongeze. Ninachoongeza mchana, asubuhi inanicheka. Nilisema labda ni esansi ya chupa za barabarani ina maji, nikaichuja kwa kitambaa kizito. Nilisema labda ni buji, nikazisugua. Nilisema labda ni umande, nikaomba blanketi ya koko nikafunika nayo kapo, kile kifuniko cha injini, usiku.

"Unaifunika kama mutoto wa malaria," baba mdogo akasema. "Uipatie na uji."

Sikujibu. Kimya changu watu wengi wanakidhania kuwa ni kukubali. Si hivyo. Mkono wangu ulikuwa unaendelea na kazi.

Ijumaa mafundi wa sufuria walipita kuangalia mali yao. Walikuwa wawili, mikono imebabuka kwa moto, watu wapole. Yule mkubwa aligonga kichwa cha injini kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Alumini ya zamani hii. Siku hizi haipatikani. Itatoa sufuria inayolia."

"Inalia hata sasa," nikasema. Yalinitoka bila kuyapanga.

Akanitazama. "Mekanisia ni weye?"

"Ndiyo."

"Basi mukaze kabisa, ndugu. Sisi tunachukua zile zimekufa. Ikiwa haijakufa, hatuna neno nayo."

Waliondoka. Alikuwa amesema kwa wema, lakini maneno yake yalinikaa kifuani kuliko utani wote wa baba mdogo. Nilijua kwamba sherehe ingekuwa asubuhi. Katekista alikuwa amesema sala zianze kabla jua halijawa kali, kwa ajili ya wazee. Nilikuwa na gari linalotii mchana tu.

Jumamosi niliamka wakati anga linapauka. Kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayokufanya ukunje mabega. Niliona kapo ya gari imekwisha kufunguliwa, blanketi imewekwa pembeni, imekunjwa vizuri. Koko alikuwa amesimama hapo na kibakuli mkono wa kushoto na kijiko mkono wa kulia. Alikuwa amefungua vifuniko vya vile vikombe viwili. Alichota, akaweka kwenye cha kwanza, akasukuma kwa kidole, kama mama anayemlisha mtoto asiyetaka.

"Koko, uko nafanya nini?"

Hakushtuka. "Nawapatia yao. Asubuhi kwa asubuhi, weye ungali unalala. Babu yako aliniambia hivi vikombe visikauke. Tangu aanze kuugua, ni miye nafanya."

Nilisogea nikaangalia kibakuli. Yalikuwa mawese, mafuta ya kupikia ya michikichi. Na kwa sababu ya baridi ya asubuhi yalikuwa yameganda, mazito, ya rangi ya machungwa, yamesimama kwenye kijiko bila kumwagika.

Nikatia kijiti kwenye kikombe cha pili. Kikasimama wima peke yake.

Sijui uso wangu ulikaa namna gani, lakini koko alisema, "Mbona unacheka?" Sikuwa nacheka. Nilikuwa naona siku zangu zote za wiki ile zikijipanga mstari mmoja. Asubuhi mawese yameganda, pistoni imeshikwa kama mguu ndani ya tope, haipandi. Hewa inakosa njia, esansi inazidi, moshi mweusi. Mchana jua linayayeyusha, yanakuwa mepesi kama mafuta ya mashini, pistoni inapanda, kila kitu kinakuwa sawa. Mimi nilikuwa namtengeneza mgonjwa ambaye ugonjwa wake unakuja na kuondoka na jua.

"Koko, ni babu alianza kuweka mawese?"

"Ni yeye. Wakati barabara ilifungwa, mafuta ya mashini hakuna Kasongo nzima. Akajaribu haya, ikatembea. Akasema, kumbe Mungu alitupatia mafuta hapa hapa. Hakuacha tena." Kisha akaangalia kijiko, akaniangalia mimi, na uso wake ukabadilika. "Basi ni miye nimeiua?"

"Hapana, koko."

"Niambie kweli."

"Ni weye umeilinda. Vikombe vingekauka, pistoni zingekatika zamani. Ni baridi tu haipatani na mawese. Niachie kidogo."

Aliketi kwenye kigoda cha babu, kibakuli mapajani, asiondoke. Nami nikaanza. Nilizitoa zile kengele mbili, nikaziosha kwa esansi, nikafuta kila pistoni mpaka ikateleza yenyewe kwa uzito wake. Mkobani nilikuwa na chupa ya mafuta mepesi ya piki. Nikajaza vikombe, nikafunga.

Lakini kazi haikuwa imekwisha, na hilo ndilo lilinitia jasho katikati ya baridi. Nati zote nilizokuwa nimezizungusha wiki nzima, nilizizungusha kwa kufuata uongo wa mawese. Ilibidi nianze upya kabisa, mivumo na esansi, kama kwamba sijaligusa gari hilo. Na watu walikuwa wameanza kuingia.

Walikuja kwa vikundi. Ndugu wa Lusangi waliofika jana, majirani, Wakristo na Waislamu, wamama wa kwaya na vitenge vyao vya sare, katekista na kitabu chake. Ua ukajaa. Wamama walianza kuimba ili kujipasha moto, na mtu akaanza kupiga ngoma. Nilizungusha manivela, injini ikawaka mara ya kwanza, bila moshi mweusi, ila inatetemeka. Nikaweka mpira sikioni. Nikasikia kwaya. Nikafumba macho, nikasikia ngoma. Mvumo wa hewa ndani ya kabureta ni mdogo kama mtu anayepuliza chai. Haukusikika.

Baba mdogo alikuja, amevaa shati jeupe. "Mutoto, katekista anasema tuondoke."

"Kidogo, baba mudogo."

"Kidogo gani? Wazee wako na baridi."

Kwa kawaida hapo ndipo ninapoinama na kuacha mambo yapite. Niliangalia ua wote ule wa watu, karibu kila mtu aliyewahi kuniita bubu alikuwepo. Nikapanda juu ya bampa. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Munyamaze!"

Ngoma ikakatika. Kwaya ikakatika. Hata kuku nadhani walinyamaza.

"Ni nani amezimia?" mama mmoja akauliza kwa hofu.

"Hakuna, mama. Tafazali. Niko nasikiliza kabureta."

Kicheko kikaanza pembeni, kikaenea. Masikio yangu yakawaka moto. Lakini sikushuka. Katekista aliinua mkono, akasema, "Mutoto anasikiliza. Tumupatie nafasi," na watu wakanyamaza tena, safari hii kwa kutaka kujua.

Nikashuka, nikaweka mpira sikioni. Sasa niliusikia. Ya mbele, sss. Ya nyuma, hafifu zaidi. Nikageuza skrubu kwa upana wa ukucha. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nilipozipata sawa, nikainua pistoni ya mbele kidogo kwa ncha ya turnevisi: injini ikataka kufa, maana yake esansi chache. Nikashusha nati. Nikainua tena: ikapanda kidogo, ikatulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikafanya na ya nyuma. Mwishoni nikaondoa mikono yote miwili, nikarudi nyuma hatua, kama mtu aliyesimamisha yai.

Ikakaa. Ralanti ya asubuhi, ndani ya baridi, mbele ya watu wote hao.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameambiwa wanyamaze.

"Ulifanya nini?" baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa mawese. Ndani ya vikombe. Asubuhi yanaganda, inakosa pumzi. Muchana yanayeyuka."

Akaangalia kibakuli mapajani mwa mama yake. Nikaona anahesabu moyoni Jumapili zake zote, moja moja.

"Unasema kila siku ya Mungu... utoto wangu wote... nilikuwa nasukuma mawese?"

"Ni hivyo, baba mudogo."

Alianza kucheka polepole kutoka tumboni, kisha akashika nguzo ya banda, machozi yakamtoka. "Mama! Ulikuwa unatupikia mawese, tunayala, tunapata nguvu, tunaenda kusukuma mawese!" Koko naye akaziba mdomo kwa kitenge. Lakini baba mdogo alipojifuta uso, akainua kidole. "Neno langu ni neno. Kilima bado. Na hiyo manivela yako, si ni kusukuma?"

"Manivela ni kuamusha mutu," koko akasema, akiinuka. "Kusukuma ni kumubeba. Nifungulie mulango."

Tukaondoka. Mimi kulia nimeshika usukani, koko kushoto ameketi wima, mkoba wake magotini. Watu wote nyuma yetu kwa miguu, kwaya imeanza tena. Mafundi wa sufuria walikuwa mwishoni kabisa, kwa adabu.

Mtelemko wa misioni tuliushuka bila neno. Tulipofika chini, kilima cha makaburi kikaanza. Mwanzoni si kikali. Nilishika gia ya kwanza, mguu mwepesi, masikio yote yako mbele kwenye kapo. Katikati ya kilima kuna kona ambapo mvua za mwaka uliopita zilichimba njia, na kiangazi kimejaza mchanga hapo. Gurudumu la nyuma likaingia, likazunguka bure. Injini ikashuka sauti. Gari likapunguza, likapunguza, likawa karibu kusimama.

Nikaangalia kioo. Baba mdogo alikuwa nyuma yetu kabisa, ameinama, miguu imekanyaga, mikono yote miwili mbele, viganja wazi. Sidhani alijua anachofanya. Mwili wake ulikumbuka wenyewe.

Koko alikuwa ameona pia. Akageuza kichwa. "Weye! Mikono!"

Akairudisha kama mtu aliyegusa moto, akaiweka nyuma ya mgongo.

Mguu wangu ulitaka kukandamiza chini kabisa. Nikaukataza. Niliongeza kidogo, kama mtu anayemwaga maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, nikangoja pistoni zipande kwa mwendo wao. Nilizisikia. Mvumo uliongezeka, sauti ikajaa, gurudumu likashika jiwe chini ya mchanga, na gari likatoka. Nyuma wamama walipiga vigelegele katikati ya wimbo wa msiba, na sioni kama kuna aliyejutia.

Juu, mbele ya kaburi, katekista aliniashiria nizime ili aanze sala. Nilishika ufunguo wa kontakti, nikasita. Koko aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Iache. Asikie."

Kwa hiyo sala za kuondoa matanga ya babu zilisomwa huku gari lake linapumua pembeni, chini chini, bila kuruka pumzi. Sikufuata maneno mengi ya katekista. Nilikuwa nasikiliza. Mara moja niliinua macho, nikamwona yule fundi mkubwa wa sufuria amevua kofia, ameinamisha kichwa upande mmoja, na yeye anasikiliza. Watu walipoanza kuagana akampa baba mdogo mkono.

"Mali yetu haijakufa," akasema. "Tutakula, tutaenda. Lakini mama yako bado anakudai jiko."

"Jiko nitamujengea," baba mdogo akasema. "Banda ni la motoka."

Wakati wa kurudi, koko alikataa kupanda. Alisema amekwisha kwenda alipotaka kwenda, sasa atashuka na wamama wenzake wakiimba. Alifungua mlango wa kushoto, akamsukuma mtoto wake mgongoni kwa kiganja.

"Panda."

Baba mdogo alitazama kiti kile kwa muda. Kisha akaingia, tumbo likabanwa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Akatafuta pa kuweka mikono, mwishoni akautoa mmoja nje ya mlango, kama alivyokuwa akifanya babu. Tukaanza kushuka pole pole, tukawapita watoto waliokuwa wanakimbia pembeni, na hakuna aliyesukuma.

Chini, kwenye njia panda, nilisimama kuwangojea watu. Ralanti ikakaa. Baba mdogo akategea sikio, akakunja uso kama mtu mwenye ujuzi.

"Iko juu kidogo. Punguza."

Niligeuka nikamtazama.

"Hapana, baba mudogo," nikasema. "Iko vizuri."